Guangzhou na Ugomvi wa Jina la Mungu

Septemba 1583, mapadri wawili Wajesuiti wa Kiitalia, Michele Ruggieri na Matteo Ricci, waliingia Zhaoqing, mji ulio magharibi ya Guangzhou ukipandisha mto. Ruggieri alikuwa ameshaishi hapo miezi michache kabla ya kuamriwa aondoke, na wakati wa kuondoka alimwachia kijana mmoja jirani altare yake amtunzie. Waliporudi waliikuta imetunzwa vizuri kuliko walivyotazamia. Kijana ameiweka katika chumba chake, ameipamba, na mbele yake amepanga vyetezo vya ubani. Picha hakuwa nayo, sanamu hakuwa nayo. Basi juu ya altare alitundika ubao wenye herufi mbili kubwa: Tianzhu, yaani Bwana wa Mbinguni.

Kijana huyo alikuwa bado hajabatizwa. Hakutumwa na askofu wala hakuitiwa baraza. Alikuwa na haja ya kumwita Mungu aliyesimuliwa habari zake, akamwita kwa maneno ambayo mama yake na majirani zake wangeyaelewa. Mwaka uliofuata Ruggieri alichapisha katekisimu yake ya kwanza kwa Kichina, na jina lililotokea kwenye kichwa cha kitabu ni lilelile la ubaoni. Zaidi ya miaka 400 imepita, na Ukatoliki nchini China bado unaitwa Tianzhujiao, dini ya Bwana wa Mbinguni.

Kwa muda wa karne tatu, Guangzhou na miji inayouzunguka ilishuhudia mabishano makali kuliko pengine popote duniani juu ya swali hili: je, jina tunalomwitia Mungu lina maana? Wapo waliofungwa, waliofukuzwa, na waliokufa kizuizini kwa ajili yake. Historia hiyo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa wamisionari waliofika kwetu walikuja na swali lilelile.

Wajesuiti walikuwa wameshaungua vidole kwa jambo hili. Francis Xavier alipofika Japani mwaka 1549 alitafuta neno la Kijapani la kumtaja Mungu, akapewa Dainichi. Alihubiri kwa jina hilo kwa takriban miaka miwili, na watawa wa Kibudha wa madhehebu ya Shingon wakampokea kwa furaha. Baadaye akagundua sababu ya furaha yao: Dainichi ni jina la Buddha mkuu wa madhehebu yao. Xavier akaliacha haraka akarudia neno la Kilatini, Deus. Kutoka Japani alielekeza macho China. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, pwani ya Guangdong, akingoja mashua ya magendo ya kumvusha hadi Guangzhou. Mashua haikuja.

Kosa kama la Xavier limetokea hata kwetu. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, ameandika jinsi mapadri wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911 nani aliyewaumba. Swali halikueleweka, kwani kwa Kiacholi habari ya kuumbwa haikuwa na mahali pa kukaa. Mapadri wakaendelea kulizungusha, mwisho likawa: nani anayewafinyanga watu? Wazee wakakumbuka wagonjwa waliopinda mgongo kwa maradhi ya uti, wakajibu: Rubanga. Ndilo jina la pepo anayesadikiwa kuleta maradhi hayo, na ndilo lililoingia katika katekisimu.

Ukiziweka habari hizi mbili kando ya ile ya Zhaoqing, tofauti inaonekana wazi. Xavier na wale mapadri wa Uacholi walifika na swali lao mfukoni wakaondoka na neno ambalo waliojibu hawakulikusudia. Zhaoqing neno lilitoka kwa mtu aliyekuwa tayari anasali.

Ricci alikwenda mbali zaidi. Alijifunza Kichina mpaka akaweza kuandika vitabu ambavyo wasomi wa China walivisoma kwa heshima, na katika vitabu vitukufu vya kale vya nchi hiyo alimkuta Shangdi, Mtawala wa Juu, aliyetambikiwa na wafalme kabla ya Confucius kuzaliwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1603 juu ya maana ya kweli ya Bwana wa Mbinguni, alisema bila kuficha kwamba Tianzhu wa Wakristo ndiye Shangdi wa vitabu vya kale. Kwa maneno mengine, Wachina hawakuwa wageni kwa Mungu. Walimjua tangu zamani, ila njia ilifunikwa na majani.

Ricci alifariki Beijing mwaka 1610, na mrithi wake, Niccolò Longobardi, hakukubaliana naye. Longobardi aliwauliza wasomi wa zama zake, na wengi walimweleza kwamba Shangdi ni nguvu ya mbingu, wala si Muumba aliye nafsi hai. Wajesuiti wakakutana Jiading, karibu na Shanghai, kati ya mwisho wa 1627 na mwanzo wa 1628, wakakata shauri: Tianzhu libaki, Shangdi liachwe. Hata hivyo vitabu vya Ricci viliendelea kusomwa, na mzozo ukabaki kama moto wa pumba.

Ulilipuka tena Guangzhou. Mwaka 1664 msomi mmoja, Yang Guangxian, aliwashitaki mapadri kwamba wanapotosha kalenda ya dola na kueneza uasi. Wachache waliachwa Beijing; wengine, zaidi ya 20, wakakusanywa kutoka majimbo yote na kuletwa Guangzhou, ambako walizuiliwa tangu 1666 hadi 1671. Wajesuiti, Wadominiko na Mfransisko mmoja, watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakilaumiana kwa barua, sasa walilala chini ya paa moja na kula meza moja. Kuanzia Desemba 1667 hadi Januari 1668 walifanya kikao cha siku 40 hivi. Walitoka na vifungu 42 juu ya ubatizo, mifungo, na heshima wanazopewa Confucius na mababu.

Umoja huo ulikuwa wa karatasi tu. Antonio Caballero, yule Mfransisko, alifia Guangzhou mwaka 1669 bila kukubali. Mwishoni mwa mwaka huohuo Mdominiko Domingo Navarrete alitoroka kizuizini, akapanda meli hadi Ulaya, na kule akachapisha kitabu kinene dhidi ya mwenendo wa Wajesuiti. Tangu hapo jambo la waumini wa Zhaoqing na wa jimbo la Fujian likawa gumzo la Roma na Paris, likijadiliwa na watu ambao hawakuwahi kusikia hata sala moja ya Kichina.

Mwaka 1693 Charles Maigrot, Mfaransa aliyekuwa mkuu wa kanisa jimboni Fujian, alipiga marufuku majina Shangdi na Tian, yaani Mbingu. Aliagiza pia makanisa yashushe vibao vyenye maneno jing tian, "heshimuni Mbingu". Maneno hayo Kaisari Kangxi alikuwa ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe na kuwapa Wajesuiti wa Beijing. Roma ilimuunga mkono Maigrot. Tarehe 20 Novemba 1704 Papa Clement XI aliidhinisha katazo hilo, na mjumbe wake, Charles-Thomas Maillard de Tournon, akashuka Guangzhou mwaka 1705 akiwa njiani kwenda kwa kaisari.

Kangxi hakuwa adui wa Wakristo. Mwaka 1692 alikuwa ametoa amri ya kuruhusu ibada yao. Sasa alitaka kumwona huyo bwana anayewafundisha Wachina maana ya maneno yao. Agosti 1706 Maigrot aliletwa mbele yake Rehe, kaskazini ya Ukuta Mkuu. Juu ya kiti cha enzi palikuwa na maandishi ya herufi nne. Kangxi akamwambia ayasome. Katika zile nne, Maigrot aliitambua moja tu.

Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kumwelewa kaisari. Maigrot alikuwa na hofu ya kweli: kwamba Mkristo wa kawaida akisikia Tian atafikiria anga la buluu lililo juu ya kichwa chake, na ibada ya Muumba itageuka ibada ya kiumbe. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini mtu asiyeweza kusoma maandishi ya ukutani alikuwa amewakataza maelfu kusali kwa maneno waliyoyaelewa kuliko yeye. Kangxi aliamuru kila mmisionari achukue kibali cha kuahidi kufuata njia ya Ricci, katika majina na katika heshima kwa mababu, la sivyo aondoke. Tournon akajibu kwa tangazo lake la Nanjing mapema 1707, akitishia kuwatenga watakaomtii kaisari. Alikamatwa, akapelekwa Macau, na huko akafa kizuizini mwaka 1710. Papa alikaza katazo lake tena mwaka 1715. Mwaka 1724 Kaisari Yongzheng, mwana wa Kangxi, alipiga marufuku Ukristo na mapadri wakarudishwa Guangzhou kwa mara ya pili. Mwaka 1732 wakafukuzwa hata hapo, wakasukumwa Macau. Mwaka 1742 Papa Benedict XIV alifunga mjadala kabisa. Haukufunguliwa hadi Desemba 1939, Papa Pius XII aliporuhusu waumini kuwaheshimu mababu na Confucius. Kilichosalia katika vita vyote hivyo ni jina la kijana wa Zhaoqing.

Wakati Wakristo wakifukuzana, katika mji huohuo walikuwepo watu waliomwabudu Mungu mmoja kwa karne nyingi bila mzozo wa namna hii. Waislamu walikuwa Guangzhou tangu zama za nasaba ya Tang, mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi walipouita mji huu Khanfu. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mrefu wa mviringo uitwao Guangta, bado umesimama katikati ya mji, na wenyeji husema ulianzishwa na Sa'd ibn Abi Waqqas, sahaba wa Mtume.

Waislamu hao walifanya jambo la busara sana. Katika sala na Kurani jina lilibaki Allah, wala halikuguswa. Katika mazungumzo ya nyumbani wengi walisema Huda, lililotoka katika Kiajemi, lugha ya wazee wao wa baharini. Na walipoanza kuandika vitabu kwa Kichina, kama alivyofanya Wang Daiyu katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1642, walimwita Zhenzhu, Mola wa Kweli. Majina matatu yakakaa kinywani mwa mtu mmoja: la kumwelekea Mungu katika ibada, la kumtaja sebuleni, na la kumweleza jirani asiye Mwislamu. Jina la kisheria lilipokuwa salama mahali pake, hapakuwa na sababu ya kuliogopa jina la lugha ya nyumbani.

Wakristo walirudi na mzozo wao upya tarehe 7 Septemba 1807, siku aliyofika Guangzhou Robert Morrison, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti nchini China. Wageni walibanwa kwenye mtaa wa maghala wa Shisanhang, ukingoni mwa Mto Zhujiang, na Mchina aliyemfundisha mgeni lugha alihesabika mkosaji wa kupoteza kichwa. Inasimuliwa kwamba mwalimu mmoja wa Morrison alitembea na sumu, ili akikamatwa ajimalize kabla ya kuteswa. Chini ya hatari hiyo Morrison alitafsiri Agano Jipya lote, likachapishwa mwaka 1813, na Biblia nzima, aliyoifanya pamoja na William Milne, ikakamilika Malacca mwaka 1823. Kwa Mungu alichagua zaidi Shen, neno pana linalobeba miungu, roho na mizimu. Alitumaini kwamba mafundisho yangelijaza neno hilo maana mpya.

Waliomfuata hawakuridhika. Walter Medhurst alisema Shen halina enzi na kwamba Shangdi peke yake ndilo linalomwinamisha Mchina kichwa. Elijah Bridgman, Mmarekani wa kwanza kuhubiri China, aliyefika Guangzhou mwaka 1830, alijibu kwamba Shangdi ni jina la mtu fulani katika dini nyingine, na kulitumia ni kumwabudu huyo. Mwaka 1847 wajumbe wa pande zote walikutana Shanghai kutengeneza tafsiri moja ya wote. Walisonga hadi Mathayo sura ya kwanza, aya ya 23, mahali panapotajwa kwa mara ya kwanza Mungu kuwa pamoja nasi, na hapo kazi ikasimama. Miezi ikapita. Mwishowe waliamua kuacha nafasi tupu kwenye maandishi, na kila chama cha Biblia kijaze jina lake. Waingereza wakachapa Shangdi, Wamarekani wakachapa Shen.

Wakati wasomi hao wakigombana, jina Shangdi lilikuwa limeshakamatwa na mkono mwingine. Liang Fa, fundi wa Guangdong aliyekuwa akichonga herufi kinyumenyume kwenye vibao vya mbao vya kuchapia, alivutwa na maneno aliyokuwa akiwachongea wamisionari, akabatizwa na Milne mwaka 1816. Mwaka 1832 alitoa kitabu chake mwenyewe cha maonyo mema kwa zama zake, ambamo Mungu ameitwa kwa majina zaidi ya moja, Shangdi likiwemo. Kiligawiwa mlangoni pa ukumbi wa mitihani ya serikali mjini Guangzhou, maana huko ndiko walikokuwa vijana wenye kusoma. Mwaka 1836 nakala ilimfikia Hong Xiuquan, mtoto wa wakulima wa Kihakka kutoka Hua, sehemu ambayo leo ni wilaya ya Huadu ya Guangzhou.

Hong alishindwa mtihani tena mwaka uliofuata, akaugua, akaona maono ya mzee mwenye ndevu za dhahabu akimkabidhi upanga. Mwaka 1843, baada ya kushindwa mara ya nne, alikisoma kile kitabu kwa makini, akaamini kwamba mzee wa maono ni Shangdi, na kwamba yeye mwenyewe ni mdogo wake Yesu. Mwaka 1847 alisoma kwa miezi kama miwili kwa mmisionari wa Kimarekani Issachar Roberts mjini Guangzhou, lakini hakubatizwa. Rafiki yake, Feng Yunshan, alikuwa amekwisha kuwakusanya wafuasi milimani Guangxi katika chama kilichoitwa Bai Shangdi Hui, Jumuiya ya Wamwabuduo Shangdi.

Hapa jina likageuka upanga. Shangdi na huangdi, cheo cha kaisari, yote yanabeba herufi moja: di. Kwa Hong hilo lilikuwa kufuru ya miaka 2,000. Tangu mfalme wa kwanza wa Qin alipojiita huangdi, watawala wa China walikuwa wamejivika jina lisilo la mwanadamu. Hong aliposimika dola yake ya Taiping mwaka 1851 alijiita wang tu, mfalme. Di alikuwa mmoja, naye yuko mbinguni. Mkulima aliyechoshwa na kodi na njaa aliposikia hivyo, alielewa mara moja kwamba kiti cha Beijing kimekaliwa na mnyang'anyi. Vita vilidumu hadi Nanjing ilipoanguka Julai 1864, na waliokufa wanakadiriwa kuwa milioni 20 au zaidi.

Yupo atakayesema Medhurst alaumiwe, au Liang Fa. Mimi siwalaumu. Mamilioni ya Wachina wamemwita Shangdi katika misiba na harusi zao, wala hawakumwaga damu ya mtu. Hong alikuwa na jina sahihi kwa vipimo vya wanazuoni wengi, na kwalo aliwapeleka watu kwenye makaburi. Jina lina nguvu ya kukusanya na kuinua, lakini halina nguvu ya kujilinda. Linalindwa na waliolishika: kwa haki wanayoitenda, kwa mafundisho wanayoyapima pamoja, na kwa ujasiri wa kumkatalia mmoja wao anapodai kuwa ni yeye peke yake anayesikia sauti ya mbinguni.

Biblia ya Muungano ya mwaka 1919, ambayo Waprotestanti wa China wanaisoma mpaka leo, ilitolewa kwa matoleo mawili, la Shangdi na la Shen. Katika lile la Shen huachwa nafasi ya herufi moja kabla ya jina, ili kurasa za matoleo yote mawili zilingane. Wanaosali kwa hili na wanaosali kwa lile hukaa benchi moja.

Jumapili, katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, jengo la mawe ya granaiti lililojengwa kuanzia 1863 hadi 1888, Waafrika waliokuja kununua bidhaa hukusanyika katika Misa ya Kiingereza chini ya paa ambalo wenyeji wanamwitia Tianzhu. Ijumaa wafanyabiashara wa mtaa wa Xiaobei huenda kuswali kwenye msikiti ulio kando ya kaburi linalonasibishwa na Sa'd ibn Abi Waqqas. Mmombasa na Mkongo, Mwislamu na Mkristo, wakikutana baadaye kwenye mlo huwa wanasema neno moja, Mungu, ambalo Waislamu wa pwani walilitumia katika tenzi zao kabla Johann Ludwig Krapf hajatua Mombasa mwaka 1844. Tulilikuta likiwa letu sote, na tumelitumia kwa amani kuliko walivyoweza maaskofu na makaisari wa simulizi hii.

Basi jina lina maana, na wenye haki ya kulichagua ni wale wanaosali kwalo. Mwanazuoni ana kazi ya kuwaonya kuhusu mitego yake, kama Xavier alivyojionya mwenyewe. Mtawala hana kazi hapo, iwe anakaa Roma, Beijing au katika ofisi yoyote ya leo inayotaka kuwapimia raia neno la kumwitia Muumba wao. Na kila anayelitamka anachukua dhamana ya kuishi kwa namna ambayo jirani, akilisikia jina hilo, hatakuwa na sababu ya kuliogopa.